Maisha ya Hergé, Mchoraji wa Tintin

Wasomaji wenzangu, katika gazeti letu la shule ni desturi kusimulia maisha ya watu mashuhuri, na mara nyingi watu hao huwa ni wafalme, majemadari, waganga au wapigania uhuru. Muhula huu naomba nisimulie maisha ya mtu ambaye hakuongoza jeshi wala hakuvumbua dawa. Kazi yake ilikuwa kuchora hadithi za picha. Jina alilopewa na wazazi wake ni Georges Remi, lakini dunia nzima humjua kwa jina la Hergé, na ndiye aliyemchora Tintin, yule kijana mwandishi wa habari mwenye kishungi cha nywele, pamoja na mbwa wake mweupe.

Nimemchagua kwa sababu moja. Wengi wetu tusomapo hadithi ya picha hutazama uso wa mtu, tukasoma maneno yaliyoandikwa juu ya kichwa chake, kisha tukakimbilia picha inayofuata. Nyumba, mlima, kibao cha duka na watu wanaopita kwa mbali tunavihesabu kuwa ni pambo tu. Mimi nasema kwamba vitu hivyo, ambavyo katika makala hii nitaviita mandhari, ni nusu ya hadithi. Tena ndimo unamoweza kutambua kama mchoraji anasema kweli au anasema uongo. Maisha ya Hergé ni ushahidi wa jambo hili, kwa maana aliyafanya yote mawili.

Hergé alizaliwa tarehe 22 Mei 1907 katika mtaa wa Etterbeek, mjini Brussels, Ubelgiji. Baba yake alikuwa mfanyakazi katika kampuni ya nguo za watoto, na maisha yao hayakuwa ya utajiri wala ya ufukara. Alipokuwa na umri wa miaka saba vita kuu ya kwanza ilianza, na Wajerumani wakaikalia nchi yao mpaka mwaka 1918. Mtoto huyo alikuwa akichora askari pembeni mwa madaftari yake ya shule. Baadaye alijiunga na skauti, na picha zake za kwanza kupigwa chapa zilitoka katika magazeti ya skauti. Mwaka 1924 alianza kutia sahihi ya Hergé. Jina hilo halina fumbo kubwa: alizichukua herufi za mwanzo za majina yake mawili, G na R, akazigeuza zikawa R na G. Ukizitamka kwa Kifaransa utasikia Hergé.

Alipomaliza shule alipata kazi katika gazeti la Kikatoliki la Brussels lililoitwa Le Vingtième Siècle. Mkubwa wa gazeti hilo alikuwa padre, jina lake Norbert Wallez, mtu mwenye siasa kali. Mwaka 1928 padre huyo alimkabidhi Hergé gazeti dogo la watoto, Le Petit Vingtième, ambalo lilitoka kila wiki pamoja na lile kubwa. Humo ndimo alimozaliwa Tintin, tarehe 10 Januari 1929. Hergé alikuwa na miaka 21 tu.

Safari ya kwanza ya Tintin ilikuwa ya Urusi. Hergé hakupata kufika Urusi. Alitegemea kitabu kimoja tu kilichoandikwa na mtu aliyeichukia serikali ya huko, na padre naye alitaka watoto wa Ubelgiji waichukie. Ukizitazama picha hizo za rangi nyeusi na nyeupe, utaona kwamba nyuma ya watu hakuna kitu kikubwa. Pana mstari wa barabara, ukuta, mti mmoja, basi. Watu wanakimbia na magari yanapinduka, lakini nchi yenyewe haipo. Baadaye Hergé alikiona kitabu hicho kuwa ni kosa la ujana, na kwa miaka mingi hakutaka kipigwe chapa tena.

Safari ya pili ilikuwa ya Kongo, nayo ilichapishwa katika gazeti lake tangu mwaka 1930 mpaka 1931. Hapa msomaji wa Kiafrika lazima asimame. Wakati huo Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji, na padre Wallez alitaka kuwavutia vijana wa Kibelgiji wapende kwenda kufanya kazi huko. Hergé hakufika Kongo pia. Alisikiliza maneno ya wakoloni, akaenda kutazama vitu katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Mtu-chui anayemvamia Tintin katika hadithi alinakiliwa kutoka sanamu iliyokuwa humo. Basi Kongo yake ni Kongo ya kabatini. Waafrika wote wana uso mmoja na midomo minene, nao wanasema Kifaransa kilichovunjika. Nchi imechorwa kama uwanja wa kuwindia: swala wanapigwa risasi wakarundikana, na kifaru analipuliwa kwa baruti kama mchezo. Hata jina la ufalme mmoja, Babaoro'm, halikutoka katika lugha yoyote ya Kongo. Ni mzaha uliotokana na jina la keki ya Kizungu. Katika darasa la misheni Tintin anawaambia watoto wa Kikongo kwamba atawafundisha juu ya nchi yao, na nchi hiyo ni Ubelgiji.

Nilipokitazama kitabu hicho mara ya kwanza nilikasirika, lakini hasira haifundishi kitu mpaka ujue imetoka wapi. Kwa hiyo nilifanya jaribio. Nilikata tundu katika karatasi, nikawa nawafunika watu katika kila picha ili nitazame mandhari peke yake. Nikaona kwamba huwezi kujua uko Kongo ipi. Mto hauna jina, kijiji hakina kazi, hakuna mtu anayepika, anayelima, anayesuka wala anayeuza. Watu wanasimama kumngojea Tintin tu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba dharau haikuwa katika ile midomo peke yake. Ilikuwa pia katika yale ambayo hayakuchorwa. Mchoraji akikunyima kazi yako, mtaa wako na jina la mto wako, amekwisha kusema kwamba wewe huna maisha mpaka afike mgeni.

Sasa nafika katika siku iliyogeuza kazi yake. Mwaka 1934 Hergé alitangaza kwamba safari inayofuata ya Tintin itakuwa ya China. Padre mmoja, Léon Gosset, aliyekuwa akiwatunza wanafunzi wa Kichina katika Chuo Kikuu cha Leuven, alimwandikia akimsihi asiichore China kwa uvivu, maana wanafunzi wake wangeumia. Akampelekea kijana wa Kichina aliyekuwa akisoma sanaa mjini Brussels, jina lake Chang Chong-jen. Kijana huyo alikuwa na umri sawa na Hergé, miaka 26. Walikutana mwanzo wa mwezi wa Mei, na kuanzia siku hiyo wakawa wakikaa pamoja mara kwa mara. Chang alimweleza historia ya nchi yake, akamwonyesha namna ya kushika brashi ya Kichina, na kumtazamisha mti au jiwe kama kitu kilicho hai.

Matunda yake ni kitabu kiitwacho Le Lotus bleu, kilichotoka katika gazeti tangu 1934 mpaka 1935. Rudia jaribio langu katika kitabu hiki. Wafunike watu, na mtaa wa Shanghai utabaki. Utaona vibao virefu vya maduka, taa za karatasi, madirisha, na maandishi ya Kichina kila mahali. Maandishi hayo si mikwaruzo ya kubuni. Chang mwenyewe aliyaandika, na mengine ni wito wa kuwataka watu wasinunue bidhaa za Japani na waupinge ubeberu. Msomaji wa Brussels hakuweza kuyasoma, lakini Mchina aliweza. Kwa hiyo picha moja ilisimulia hadithi mbili: mbele Tintin anakimbia, na nyuma ukuta unapiga kelele.

Jambo lenyewe lilikuwa la hatari. Tarehe 18 Septemba 1931 maofisa wa jeshi la Japani walilipua reli karibu na mji wa Mukden, wakawasingizia Wachina, kisha wakaitwaa Manchuria. Hergé aliliweka tukio kama hilo katika hadithi yake. Anatuonyesha kwanza mlipuko mdogo usiku, halafu anatuonyesha jinsi habari inavyokuzwa katika redio mpaka majeshi yanaingia. Wakati huo magazeti mengi ya Ulaya yalikuwa upande wa Japani, na wajumbe wa Japani walilalamika kwa serikali ya Ubelgiji. Tena katika hadithi hiyo Tintin anamzuia Mzungu anayempiga Mchina mvuta rikisho. Yule aliyekuwa bwana katika Kongo sasa anasimama upande wa mnyonge. Lakini nisimsifu kupita kiasi. Wajapani wa kitabu hicho wamechorwa na meno makubwa na sura za kuchekesha, kwa kuwa hakukuwa na Mjapani aliyeketi kando ya meza yake.

Baada ya kazi hiyo Hergé hakuchora tena bila kufanya uchunguzi. Alikusanya picha za magazeti, ramani na michoro ya mashine, akaziweka katika majalada ili azitumie siku yoyote. Alichora watu wake kwa mistari michache sana, na macho ya Tintin ni nukta mbili tu, lakini gari, bandari na ndege alivichora kwa usahihi mkubwa. Nadhani huu ndio ufundi wake mkubwa. Uso mwepesi unampa kila msomaji nafasi ya kujiweka mahali pa Tintin, na mandhari thabiti inamsadikisha kwamba mahali hapo papo kweli. Mistari yake yote ina unene uliokaribiana, na rangi zake hazina vivuli vingi, hata jicho halipotei. Mwaka 1977 mchoraji wa Kiholanzi, Joost Swarte, aliupa mtindo huo jina la mstari safi.

Mpangilio wake nao una akili. Kwa kuwa Kifaransa, kama Kiswahili, husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, Tintin akienda mbele hukimbia kuelekea kulia, na kizuizi mara nyingi kinatokea upande huo. Picha ya mwisho ya ukurasa mara nyingi huacha jambo likining'inia: mlango unafunguka, au mtu anashtuka na hatujui ameona nini. Watoto wa Ubelgiji walikuwa wakingoja wiki nzima wajue.

Mwaka 1940 Wajerumani waliingia tena Ubelgiji, na gazeti la padre likafungwa. Hergé alikwenda kufanya kazi katika Le Soir, gazeti lililokuwa chini ya wavamizi. Humo alichora hadithi ambayo mwovu wake ni tajiri mwenye jina la Kiyahudi, na picha moja iliyowadhihaki Wayahudi. Hayo aliyafanya katika miaka ambayo Wayahudi wa Ubelgiji walikuwa wakiteswa. Picha hiyo haikutiwa katika kitabu, na jina la tajiri likabadilishwa baadaye, lakini waliokwisha kuumia hawakuponywa kwa mabadiliko hayo. Ubelgiji ilipokombolewa mwezi wa Septemba 1944, Hergé alikamatwa zaidi ya mara moja, akakatazwa kufanya kazi katika magazeti. Alirudi kazini mwaka 1946, lilipoanzishwa gazeti jipya lililochukua jina la Tintin.

Katika miaka hiyo mpigaji chapa wake, Casterman, alitaka vitabu vyote viwe vya rangi na vyenye kurasa 62. Ikabidi vile vya zamani vichorwe upya, naye Edgar P. Jacobs akamsaidia kutia rangi na mandhari. Kitabu cha Kongo nacho kilichorwa upya mwaka 1946. Miti ikawa mizuri zaidi, na lile somo la nchi ya Ubelgiji likawa somo la hesabu ya mbili na mbili. Nyuso za Waafrika zilibaki vile vile. Hapa napenda tuzingatie sana: mandhari nzuri haitoshi. Unaweza kuupamba uongo kwa miti na rangi, ukabaki uongo.

Mwaka 1950 Hergé alianzisha karakana yake, Studios Hergé. Yeye aliwachora watu, na wasaidizi, hasa Bob de Moor, wakachora sehemu kubwa ya mandhari. Kwa ajili ya vitabu viwili vya safari ya mwezini, vya 1953 na 1954, walitengeneza mfano wa roketi yenye miraba myekundu na myeupe, ili wasaidizi wajue kila mtu amesimama wapi ndani yake. Binadamu wa kweli alikanyaga mwezi mwaka 1969. Kwa ajili ya kitabu cha 1958, Coke en stock, Hergé na de Moor walisafiri katika meli ya mizigo kutoka Antwerp mpaka Gothenburg ili waichore kwa usahihi. Kitabu hicho kinasimulia juu ya Waafrika wanaosafiri kwenda kuhiji Makka, kumbe wanapelekwa kuuzwa utumwani. Tintin anawaokoa. Lakini Waafrika hao walisemeshwa tena Kifaransa cha kuvunjika, mpaka maneno yakarekebishwa mwaka 1967. Alizijua bomba za meli kuliko alivyowajua abiria wake.

Karibu na wakati huo mwenyewe alikuwa katika taabu. Ndoa yake ilikuwa ikivunjika, na usiku aliota ndoto za weupe mtupu zilizomtisha. Daktari mmoja wa Uswisi alimshauri aache kazi. Hakuacha, bali aliuchora ule weupe. Kitabu chake cha mwaka 1960, Tintin au Tibet, kimejaa theluji. Hakuna mwovu ndani yake. Tintin anamtafuta rafiki yake aitwaye Chang, aliyepotea milimani baada ya ndege kuanguka, na watu wengine wote wamekata tamaa. Katika kurasa nyingi nyuma ya watu pana nafasi nyeupe tu, nao wanaonekana wadogo kama sisimizi. Katika kitabu cha Urusi utupu ulikuwa dalili ya kutojua. Katika Tibet utupu ndio mlima wenyewe, ndio baridi, ndio hofu. Hivyo mandhari si wingi wa vitu tu. Mchoraji ajuaye kazi anaweza kuondoa kila kitu, na msomaji akaona zaidi.

Jina la Chang halikuwa la bahati. Yule rafiki wa kweli alirudi China mwaka 1935, na vita na mapinduzi vikawatenganisha. Hergé alimtafuta kwa miaka mingi. Mwisho alimpata, na mwezi wa Machi 1981 Chang alifika Brussels. Walikuwa wazee wa zaidi ya miaka 70, na Hergé alikuwa mgonjwa. Alifariki tarehe 3 Machi 1983, na kwa kadiri ya mapenzi yake hakuna mtu mwingine aliyemwendeleza Tintin katika hadithi mpya.

Ubishi juu ya kitabu cha Kongo haukufa pamoja naye. Mwaka 2007 Mkongo mmoja aliyekaa Brussels alikwenda mahakamani akitaka kizuiwe. Mwaka 2012 mahakama ilikataa, ikaona kwamba kitabu ni cha zama zake na hakikukusudiwa kuchochea chuki. Mimi sipendi kichomwe moto. Napenda kisomwe kando ya Le Lotus bleu, vitabu viwili vya mkono mmoja, vilivyoachana kwa miaka mitatu au minne. Ndani ya miaka hiyo mkono wake uliongezeka ustadi kweli, lakini sidhani ustadi peke yake ungalileta tofauti tunayoiona. Safari ya pili mwenyeji aliulizwa. Tunajiuliza ingalikuwaje kama mwaka 1930 kijana mmoja wa Kikongo angaliketi mezani pake, akamwambia jina la mto, na akamwandikia maneno ya ukutani kwa lugha ya kwao.

Wapo kati yetu wanaochora, na wapo wanaoandika insha na michezo ya kuigiza. Wote nawaambia kama tulivyofundishwa na wazee wetu, kwamba kuuliza si ujinga. Ukitaka kumchora mvuvi, nenda ufukweni umwulize jina la kamba aliyoishika. Ukitaka kuchora soko la kabila lisilo lako, mtafute mwenzako wa kabila hilo, na katika shule ya bweni yuko kitanda cha pili. Mpe kalamu, aandike mwenyewe kibao cha duka.